Buloni Nane za Salima

Goma, Ndosho, 1 Septemba 2025

Asalam aleikum papa,

Pokea salamu zangu na za mujukuu wako Umi. Tuko wazima. Homa iliyomushika Umi imekwisha, sasa anakula na kunisumbua kama zamani. Wewe je? Kifua kinakuacha ulale? Na masikio? Nsimire aliniambia, alipokuja kuuza mananasi yake hapa, kwamba siku hizi hata mutu akikupigia kelele usoni unaangalia midomo yake tu. Ndiyo maana ninaandika. Simu kati yetu imekuwa kazi ya bure.

Sababu ya barua ni hii. Mama Olive ameondoka. Alivuka mpaka wa Gisenyi Jumatano na valizi mbili, anaenda kukaa kwa binti yake Ubelgiji mpaka mambo ya vita yatulie, na yatatulia lini hakuna anayejua. Hoteli ameifunga. Funguo za Salima, bato lake la matanga, amenipa mimi. Alisema, "Asumini, mvua zinakuja. Umutoe majini kama zamani, umulaze vizuri mpaka mvua ziishe. Wewe ni binti ya fundi Hemedi, mimi siogopi."

Nimemutoa tayari, papa. Wanaume kumi na sita wa shantie ya kutengeneza mabato, magogo, na ile mashine ya kuvuta kwa waya. Ilichukua siku nzima, na mara moja waya ulilia vibaya, tukakimbia wote. Sasa bato limekalia mukuku wake, lile chuma zito la chini, juu ya mbao, na nguzo sita zinalishika ubavuni lisianguke.

Lakini zamani kazi ya kulilaza ulikuwa unaifanya wewe, mimi nikishika kamba na kuleta chai. Tangu uende Idjwi baada ya msiba wa mume wangu Kitwana, hakuna aliyeifanya tena. Mwaka jana Salima alikaa majini mvua zote. Niandikie basi moteri inafanywaje, na matanga, na mulingoti. Andika kama unamuandikia mugeni wa kazi. Nsimire anapita kwenu Jumanne na Ijumaa.

Mutoto wako,
Asumini


Idjwi, 5 Septemba 2025

Aleikum salam mutoto wangu,

Mimi muzima, Mungu asifiwe. Kifua kinakohoa asubuhi tu. Umi umubusu kwenye paji la uso.

Kulitoa bato bila mimi, na halikuanguka, hiyo si kazi ndogo. Nimefurahi, ingawa sikupenda kusikia habari ya ule waya. Waambie wa shantie waubadilishe, wasisubiri umukate mutu muguu.

Anza na moteri. Iwashe dakika kumi, ukiitia maji safi kwa ndoo ili isiungue, halafu umwage mafuta yake ya zamani ingali na joto, maana mafuta machafu yakilala miezi mingi yanakula chuma. Tia mapya. Tangi la mazutu ya moteri ulijaze mpaka juu. Watu wanafikiri kuliacha tupu ni busara, kumbe ile nafasi tupu inatoa jasho, na jasho linageuka maji. Pompi ya maji uifungue uikaushe. Batri uzitoe, uzipeleke nyumbani, uziweke juu ya ubao, si juu ya simenti.

Matanga uyashushe siku isiyo na upepo. Uyaoshe kwa maji ya mvua bila sabuni ya unga, uyaanike kivulini, na upitishe vidole kwenye kila mushono. Ukiyakunja, usifuate mikunjo ya zamani. Ndani ya bato toa magodoro, toa hata chumvi na majani ya chai, maana panya hawachagui. Makabati yote yaache wazi yapumue. Kizibo cha chini uking'oe ili maji ya mvua yakiingia yatoke, na ukitundike kwa kamba kwenye usukani, mutu asije akalirudisha bato majini tundu likiwa wazi.

Bashi, lile turubai, uitandaze juu ya mulingoti ukishaulaza, iwe kama paa la nyumba. Mbele na nyuma uache hewa ipite. Kila baada ya siku chache uangalie lile tundu la chini. Majivu ya volkano yakichanganyika na mvua yanakuwa kama simenti.

Mukuku usiuguse. Uko vizuri.

Papa yako,
Hemedi


Goma, 19 Septemba 2025

Asalam aleikum papa,

Tunakusalimu. Hapa tuko salama kwa kiasi chetu. Banki bado zimefungwa, watu wanaishi kwa kubadilishana maharage na unga, lakini jioni bado tunasikia watoto wakicheza barabarani, na hilo ni kitu.

Nimefanya yote uliyosema. Mafuta ya moteri yalitoka meusi kama lami. Kwenye tanga kubwa nilikuta mushono umefunguka urefu wa mukono, nimeushona mwenyewe, vidole vimejaa matundu. Panya walikuwa wameshazaa kwenye kabati ya jikoni. Kizibo kinaning'inia kwenye usukani.

Ila kuna jambo. Salima ana siku kumi na tisa nje ya maji, kila kitu kimekauka, lakini pale tumbo la bato linapokutana na mukuku kuna mustari unaotoa maji. Si mengi. Tone moja, kisha jingine. Na si maji meupe, ni ya rangi ya kutu, kama chai ya maziwa. Nimeyafuta mara tatu, kesho yake yako pale pale.

Basi nilipanda ndani nikainua mbao za sakafu. Zile buloni nane, bolti nene zinazoushika mukuku, papa, nne zimevimba. Nilipoikwaruza moja kwa bisu, ilitoka kama maganda ya kitunguu. Mimi nilifikiri zilikuwa za inoksi, na inoksi haishiki kutu hivi. Au ninakosea? Niambie la kufanya. Ninaogopa kuzikaza kwa kle nisije nikaharibu.

Kingine, kwa sababu sina wa kumwambia. Juzi Umi alirudi kutoka masomo akaniuliza, "Mama, ni kweli papa aligonga mwamba kwa sababu alikuwa hajui kuendesha bato?" Mutoto wa miaka saba. Nilimujibu kwamba papa yake alikuwa anajua ziwa kuliko wote. Akasema, "Sasa mbona aligonga?" Nilimutuma akachote maji. Mama mukwe wangu, Mama Fatuma, alikuwa amekaa pale akichagua maharage, akasikia yote. Mutoto wake Kitwana amekufa miaka miwili na bado watu wanamufanya mujinga.

Ninasubiri neno lako juu ya buloni.

Mutoto wako,
Asumini


Idjwi, 23 Septemba 2025

Asumini,

Salamu. Mimi muzima.

Ni maji yaliyobaki katikati. Yatakwisha. Kausha, paka mastiki ya kuziba kwenye ule mustari, funga. Mbao za sakafu uzirudishe. Buloni usiziguse, zikiguswa ndipo zinaharibika.

Hakuna haja ya kuandika tena kwa jambo hilo. Ngoja msimu uishe.

Papa yako,
Hemedi


Goma, 7 Oktoba 2025

Asalam aleikum papa,

Natumaini uko muzima. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikamuuliza Nsimire kama ulikuwa mugonjwa. Akasema hapana, uliiandika umesimama.

Nilipaka mastiki. Baada ya siku tano maji yaliisukuma ikatoka kama ulimi. Lakini hilo si kubwa tena. Kubwa ni Lévi.

Unamukumbuka vizuri kuliko mimi, ulimufundisha kazi miaka minne. Alikuja shantie Jumamosi na watu wawili, akazunguka Salima, akapiga tumbo la bato kwa kiganja kama unavyofanya wewe. Akaniambia, "Dada Asumini, toa bashi. Tunalirudisha majini, na Ijumaa ya tarehe kumi na saba linaanza safari."

Nikamuuliza kwa ruhusa ya nani. Akatoa simu, akanisikilizisha sauti ya Mama Olive mwenyewe. Ni kweli, papa. Mama Olive amemuruhusu. Alisema watu wanateseka kwa kukosa njia, na Lévi ataliendesha kwa moteri mpaka Minova na kurudi, na kuliko bato lioze bora lisaidie.

Lévi si mutu mubaya. Aliniambia, "Barabara unaijua ilivyo. Mabato yaliyobaki ni machache, watu wanalala bandarini siku tatu na mizigo yao. Nitabeba watu ishirini na watano kila safari. Wewe unataka likae hapa likiwa limevaa bashi kama bibi harusi?"

Nikamupeleka chini nikamuonyesha ule mustari na yale maji. Akainama, akagusa, akanusa kidole. Nilimuona akifikiri. Kisha akasimama.

"Nani alizifunga hizi buloni?"

"Papa."

"Basi. Fundi Hemedi hafungi kitu kibaya. Haya ni machozi ya bato la zamani."

"Lévi, nimeziona kwa macho yangu. Zimekwisha."

"Wewe umejifunza kwa macho, mimi nimejifunza kwa papa yako. Unataka kusema aliweka kitu cha uongo?"

Sikuweza kusema hivyo mbele ya watu. Nilimupigia Mama Olive, naye akajibu yale yale: fundi Hemedi alizifunga, hakuna wa kuaminika kama yeye, wewe mutoto wangu una woga tangu kifo cha mume wako.

Papa, ninaomba mustari mumoja tu. Ukiandika kwamba ni nzuri, nitanyamaza na nitamuomba Lévi radhi. Ukiandika kwamba ni mbaya, atakusikia, maana hakuna mwingine anayemusikia duniani. Nimeandika mapema ili uwe na nafasi. Usiniache nikibishana peke yangu.

Mutoto wako,
Asumini


Goma, 14 Oktoba 2025

Papa,

Salamu tu. Nsimire amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema alikupa barua yangu, ukaisoma mulangoni, ukaikunja, ukaiweka mufukoni mwa shati, ukaingia ndani. Mara ya pili alikukuta kwenye mitumbwi ukitengeneza moteri ya mutu. Alikuuliza kwa mikono kama kuna jibu. Uligeuza kichwa.

Nimekukosea nini?

Bashi imetolewa. Mbao za sakafu zimepigiliwa misumari ili watu wakae juu yake. Kizibo kimerudishwa. Kila nilichokifanya kwa wiki sita kimefanywa kinyume kwa siku mbili. Jana walilishusha bato majini. Linaelea vizuri, na hilo ndilo linalonitisha, maana kila mutu ananiangalia kama mwendawazimu.

Wanaondoka Ijumaa saa ine za asubuhi. Watu ishirini na saba wameshajiandikisha, pamoja na magunia. Leo nimesoma orodha. Jina la kumi na moja ni Mama Fatuma. Anaenda kununua maharage Minova. Nilimusihi asiende, nikamwambia kuhusu kutu. Akaniuliza, "Papa yako amesema nini?" Nikamwambia hajasema kitu. Akajibu, "Hemedi akinyamaza maana yake ni salama. Yeye ndiye aliyenizikia mutoto."

Kama una neno, liandike.

Asumini


Idjwi, 16 Oktoba 2025

Asumini,

Nimeandika karatasi mbili. Hii ya kwanza uisome kwa sauti, mbele ya Lévi na mbele ya watu wote. Ya pili nimeikunja peke yake. Usiisome hapo. Ikiwa Nsimire atachelewa na bato limeshaanza kuondoka, ingia majini, piga kelele, fanya lolote.

Mimi Hemedi, fundi wa mabato, ninawaambia watu wote walioko ndani ya Salima. Shukeni. Mukuku ni ule uzito wa chuma ulio chini, unaolizuia bato lisipinduke. Unashikwa na buloni nane. Mwaka 2019 Mama Olive aliagiza buloni za inoksi zikachelewa Dar es Salaam. Nilichukua za chuma cha kawaida, za kamio, yale magari ya mizigo, nikazipaka goudron, ile lami nyeusi, ili mutu asione tofauti. Nilijiambia ni za musimu mumoja. Inoksi zilipofika niliona aibu kumwambia mwenye bato kwamba nilimudanganya, sikuzibadilisha. Hizo ndizo zilizomo. Zimekwisha. Mukiweka uzito wa watu ishirini, na wimbi moja likalilaza bato, mukuku utaanguka na ninyi mutaenda nao.

Lévi, mwanafunzi wangu. Usiniamini kwa sababu ya jina langu. Shuka chini na kle ya thelathini, ujaribu ya tatu kutoka mbele. Lakini kabla ya hapo toa watu.

Hemedi


(karatasi ya pili)

Mutoto wangu,

Barua yako ya kwanza ya buloni niliijibu kwa uongo. Ya pili sikuijibu kabisa. Niliposoma jina la Mama Fatuma kwenye ile ya tatu, niliweka chombo chini, nikachukua karatasi.

Lile bato dogo la Kitwana nalo nililifunga mimi, kwa buloni zilizobaki kwenye lile sanduku la buloni za chuma. Siku walipolivuta mpaka pwani limepinduka, mimi nilikuwa wa kwanza kuingia majini. Nilipitisha mukono tumboni mwake. Hakukuwa na mukwaruzo hata mumoja wa jiwe. Kulikuwa na matundu nane na vipande vya buloni vilivyokatika. Watu walikuwa nyuma yangu wakiuliza, fundi, ni nini? Nikasema, "Mwamba."

Neno moja. Wakalichukua, wakaenda nalo muji muzima. Ndipo Kitwana akawa kijana aliyegonga mwamba. Nilimuosha kwa mikono hii, nikamushusha kaburini, nikanyamaza. Sikuja Idjwi kutafuta kazi. Nilikuwa siwezi kula chakula ulichopika wewe.

Masikio yangu ni mabaya, ni kweli. Lakini bado ninasikia kidogo kwenye simu nikiiweka sikio la kushoto. Nilikataa simu kwa sababu sauti yako ilikuwa inanipiga.

Siombi kitu. Zuia tu lile bato.

Papa yako


Idjwi, 28 Oktoba 2025

Mutoto wangu Asumini,

Salamu kwako na kwa Umi. Mimi muzima.

Nsimire ameniambia kwamba Salima hakuondoka. Nilikaa chini hapo hapo kwenye muchanga. Mengine anasema nikuulize wewe. Anasema ulipokea barua yangu ukakimbia bila kumuangalia, na safari zilizofuata ulimupita sokoni kama humujui.

Andika hata neno moja.

Papa yako,
Hemedi


Idjwi, 14 Novemba 2025

Asumini,

Nimemupa Nsimire simu yangu akupigie, hukuipokea. Una haki. Umi yuko muzima? Nijulishe hilo tu, kwa mudomo wa Nsimire, usiandike ukitaka.

Hemedi


Goma, 2 Desemba 2025

Asalam aleikum,

Umi muzima. Mama Fatuma muzima. Mimi ninasimama na kutembea. Ninakujibu kwa mupangilio, kwa sababu nisipofanya hivyo nitaichana hii karatasi kama zile nne za kwanza.

Ile Ijumaa Nsimire alifika saa ine kasoro. Watu walikuwa wameshapanda. Moteri inawaka. Mama Fatuma alikuwa amekaa mbele kabisa juu ya gunia lake tupu, amejifunga kitenge kichwani. Nilisoma mistari miwili ya juu nikaingia majini mpaka kiunoni, nikashika kamba ya mbele. Lévi akapiga kelele, "Achia, dada!" Nikaanza kusoma. Mwanzoni watu walicheka. Nilipofika pale ulipoandika "nilimudanganya," kicheko kilikatika.

Lévi alinyosha mukono akachukua karatasi. Akasema polepole, "Huu ni mwandiko wake." Alizima moteri. Nilifikiri atawashusha watu kwanza kama ulivyomuagiza, lakini alikuwa kama mutu aliyepigwa. Alichukua kle, akang'oa ubao mumoja, akashuka chini. Tulisikia chuma kikigusa chuma. Halafu tukasikia sauti ndogo, kama kijiti kinachovunjika.

Alitoka na kichwa cha buloni kwenye kiganja. Nyuma yake maji yalikuwa yanapanda kati ya mbao. Uso wake, papa, sitausahau. Mama mumoja akalia, watu wawili wakasimama ghafla, na Salima akalala upande mpaka magunia yakateleza. Hapo ndipo Lévi alipata akili. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile unayotumia wewe kwenye kazi ya hatari: "Mukae. Hakuna anayesimama mpaka nimuguse bega. Mumoja, mumoja. Mumoja wa kulia, mumoja wa kushoto." Mimi nilikuwa majini nikiwapokea. Nilihesabu kila kichwa. Kila mutu aliposhuka bato lilitoa mulio chini, mulio wa kuchanika. Mama Fatuma alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya magoti. Lévi alimubeba mugongoni.

Tulipolivuta nje, kati ya tumbo na mukuku kulikuwa na nafasi ya kupitisha vidole vinne. Buloni tatu ndizo zilizokuwa zinashika. Lévi alikaa juu ya jiwe akalia kama mutoto. Alisema, "Mimi ndiye ningewaua, na ningekufa nikimusifu fundi wangu." Amemupigia Mama Olive akamweleza. Salima amerudi juu ya mbao, na nimemulaza upya, moteri, matanga, bashi, yote. Safari hii Lévi ndiye aliyeshika kamba.

Karatasi ya pili niliisoma nyumbani. Sitakuandikia nilichofanya siku hiyo na zilizofuata. Kila asubuhi nilimuosha Umi uso, na kila asubuhi niliona uso wa Kitwana, nikakuchukia tangu chai mpaka jioni. Nilikuwa ninaibeba ile karatasi ndani ya nguo. Nilifikiri kuichoma. Ningeichoma, ungekuwa fundi aliyeokoa watu ishirini na saba, basi, na hivyo ndivyo wanavyokuita Goma sasa, kama ulikuwa hujui. Wanasema, ni mutu gani mwingine angekubali aibu namna hiyo? Nilikuwa ninasikia sifa zako sokoni, ninaacha nilichokuwa ninanunua na kuondoka.

Alhamisi iliyopita nilimuketisha Mama Fatuma nikamusomea. Yote. Aliniomba nirudie mustari mumoja, ule wa mukwaruzo wa jiwe. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu alikuwa anayasema maneno pamoja na mimi, midomo yake ikitembea.

Hakulia. Alisema, "Kumbe mutoto wangu alikuwa anajua kazi yake."

Kisha akamuita Umi, akamuweka kati ya magoti, akamwambia, "Papa yako hakugonga kitu. Mutu akikuambia tena aligonga, umulete kwangu."

Nilimuuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwambie aje akae hapa mbele yangu, aniambie kwa mudomo wake. Kama masikio yake hayafanyi kazi, si kitu. Yeye atasema. Mimi ndiye nitasikia."

Papa, mimi sijui kama nitakusamehe. Siku nyingine ninaamka nimeshakusamehe, na kabla maji hayajachemka nimeghairi. Sitakudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Lakini sitaki barua tena. Ukiniandikia, Nsimire atakurudishia ikiwa imefungwa.

Njoo. Usilete mananasi, usilete kitu. Ijumaa nitakuwa pale pwani mabato ya Idjwi yanaposhushia watu, mimi na Umi. Sijui nitafanya nini nikikuona. Njoo hivyo hivyo.

Bado mutoto wako,
Asumini